Kigari cha mtoto kinapita wapi Dar es Salaam?

Najua nimepotea. Nilikuwa Dar es Salaam wiki tano, nimerudi Usinge juzi kwa treni, mgongo unauma lakini kichwa kimejaa. Wengine mtadhani nimerudi na habari za siasa za mjini. Zipo, ila zinatembea kwenye matairi manne madogo. Mnivumilie, mtaona mwenyewe kwamba ni siasa.

Kisa ni hiki. Dada yangu anaishi Temeke na mwanaye wa kiume wa miaka mitano. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Anaelewa kila kitu na anacheka kuliko sisi wote, ila miguu bado haijamkubalia kutembea. Mpaka mwaka jana dada alikuwa anambeba mgongoni kwa mbeleko, kama mama yeyote wa kwetu. Sasa mtoto ana kilo 16 na dada mwenyewe ana umbo la mchele. Siku moja alishuka kwenye daladala na mtoto mgongoni, kiuno kikakaza, akakaa chini pembeni ya mtaro nusu saa akisubiri maumivu yapungue.

Mtaalamu wa mazoezi alimwambia: mama, usimfungie ndani. Mtoe, apate jua la asubuhi, aone watu, aone miti. Ushauri safi. Dada akajikusanya, akanunua kigari cha mtoto cha mtumba, kikubwa, kile cha kusukuma. Kimekaa nyuma ya mlango miezi mitatu. Kwa nini? Kwa sababu swali lilibaki moja tu: kiende wapi?

Basi mjomba mtu nilipofika nikapewa kazi. Jumapili zote tano, na siku nyingine za katikati ya wiki, mimi na mpwa wangu tukawa watafiti wa barabara za Dar. Mimi nasukuma, yeye anatoa maksi kwa kucheka au kununa.

KWANZA TUELEWANE

Najua kuna mtu ataandika hapo chini: "Kigari ni mambo ya kizungu, mama zetu walitubeba mgongoni na tumekua." Kweli kabisa. Mbeleko ni kifaa bora kwa mtoto mchanga. Haihitaji lami, inapita hata kwenye matuta ya viazi, na mtoto anasikia mapigo ya moyo ya mama. Sina ugomvi na mbeleko.

Ila kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji na mshono haujapona. Kuna mwenye mapacha. Kuna bibi anayelea wajukuu na magoti yamechoka. Na kuna dada yangu. Halafu jambo kubwa zaidi: palipo na njia ya kigari, kiti cha magurudumu kinapita. Mzee mwenye mkongojo anapita. Mama mwenye beseni kichwani anapita bila kutazama miguu kila hatua. Kwa hiyo kigari mimi nakichukua kama rula. Ukitaka kujua mji unamjali nani, sukuma kigari kilomita moja.

TULIPOPITA NA TULIPOKWAMA

Tatizo lilianza mlangoni, kabla hata ya bustani yoyote. Kutoka chumbani kwa dada mpaka barabara ya lami ni kama mita 400. Mchanga, mawe, maji machafu yanayokatiza, na mtaro wenye mfuniko mmoja uliovunjika. Nilibeba kigari mabegani na dada akabeba mtoto. Mita 400 zile kigari hakikugusa chini hata mara moja! Kituoni konda mmoja akasema kigari ni mzigo, kilipiwe nauli yake. Tukalipa. Konda wa pili akakataa kabisa, gari limejaa. Sikumlaumu sana, naye ana hesabu ya tajiri jioni.

Sehemu ya kwanza iliyotupa furaha ni Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680, kwa watu wa Temeke na Kurasini si mbali, na mwenda kwa miguu ana sehemu yake. Ukipanda pale jioni unaona maji pande zote mbili, upepo unapiga, mtoto anapiga makofi kila lori likipita. Kasoro ni kwamba hakuna kivuli wala pa kukaa. Daraja halikujengwa kwa ajili ya matembezi, sisi ndio tunaligeuza.

Jumapili ya pili tukaenda Posta, tukashika Barabara ya Barack Obama. Wakongwe bado wanaiita Ocean Road, jina lilibadilishwa 2013 Obama alipokuja. Hapo niseme ukweli, kama una kigari na una jioni moja tu Dar, nenda hapo. Bahari iko kando yako, familia zimekaa, watoto wanakimbia. Ukiendelea kaskazini unafika kwenye Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa Machi 2022, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo juu ya bahari, na njia ya miguu ipo. Nenda saa kumi na moja jioni, usiende saa saba mchana maana jua litakuchoma wewe na mtoto mpaka mjutie.

Ukivuka daraja hilo uko karibu na Coco Beach. Coco kila mtu anaijua: mihogo ya kukaanga, mishikaki, muziki, kelele. Kwa kigari ni mtihani. Tairi dogo likikutana na mchanga mkavu linazama kama jembe. Dawa niliyogundua ni kukivuta kinyumenyume, au kukiacha kwenye sehemu ngumu, kutandika khanga na kumkalisha mtoto hapo. Mpwa wangu aliingiza vidole kwenye mchanga wa bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Miaka mitano, anaishi mji wa pwani, na hakuwahi kugusa mchanga wa bahari! Hapo ndipo niliamua kuandika haya.

Kama unataka kivuli, ipo Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mimea ya mashambani, na miti yake mingine ni mikubwa ya kustaajabisha. Kimya kiko pale katikati ya mji wenye honi, huamini. Mtoto alilala.

Na usafiri? Hapa niwape haki yao mwendokasi. Njia ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilianza kazi Mei 2016, na kituo kimeinuliwa kikalingana na sakafu ya basi. Unasukuma tu, unaingia, huombi msaada kwa mtu. Dar ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018 kwa ajili ya mradi huo. Shida ni kwamba saa za asubuhi na jioni watu ni wengi mno, kigari hakina nafasi. Nenda Jumapili asubuhi.

Ukijumlisha, tulipata sehemu nne au tano nzuri. Sasa angalia ramani. Ukitoa daraja la Kigamboni, zote ziko upande mmoja wa mji. Posta, Upanga, Oysterbay. Hakuna niliyoikuta Tandika, Mbagala, Manzese wala Buguruni ambako ndiko watoto walikojaa. Kwa nini?

MIZIZI YAKE NI MIREFU

Dar haikuwa hivi kwa bahati mbaya. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na tangu wakati wao hadi wa Waingereza mji uligawanywa: Uzunguni ufukweni kwenye upepo na bustani, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini huko ndani. Uwanja wa Mnazi Mmoja ambao leo tunaupenda, Waingereza waliuacha wazi ili utenge Waafrika wa Kariakoo na wenzao wa mjini. Yaani eneo la wazi lilikuwa ukuta usio na matofali. Na jina Kariakoo lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, "Carrier Corps". Waliobeba mizigo ndio walioishi upande usio na bustani. Watu wa Tabora, hii habari inatuhusu, maana upagazi ni historia ya babu zetu.

Mkoloni aliondoka 1961, lakini ramani haikuondoka naye. Mji ukakua haraka kuliko mipango. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar, ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Ni watu milioni moja wa ziada ndani ya miaka kumi, na wengi wao wamejijengea kwenye mitaa ambayo haikupimwa. Mtaa usiopimwa hauna njia ya miguu, na uwanja wa watoto ndio usiseme. Kila mtu amejenga mpaka mwisho wa kiwanja chake, kinachobaki katikati ni uchochoro. Na hata kwenye mitaa iliyopimwa, maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani mengi yamevamiwa. Leo ni gereji, kesho baa, keshokutwa kuna nyumba na mwenyewe ana karatasi.

Jambo la pili ni mwenye dhamana. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Usafi, vibanda na viwanja ni vya halmashauri, na halmashauri Dar ni tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kigari changu kinavuka mamlaka tatu ndani ya dakika kumi. Mmoja anajenga njia ya pevingi nzuri kabisa, inafika mpaka wake na kuishia kwenye mtaro. Ukiuliza, kila mmoja anakuonyesha mwenzake.

Jambo la tatu, wamachinga. Najua wengi mtasema wao ndio wanaoziba njia. Mwaka 2021 waliondolewa pembezoni mwa barabara za Dar kwa nguvu. Mimi naona kumlaumu machinga ni rahisi mno. Machinga anakaa njiani kwa sababu wateja wanapita njiani, na mama anayeuza vitumbua pale naye ana mtoto anayemlea palepale juu ya boksi. Njia ikichorwa ya mita moja na nusu, lazima mmoja amfukuze mwenzake. Ikichorwa ya mita nne, muuzaji anakaa na kigari kinapita.

Na tusiseme hakuna sheria. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, na inataka mazingira ya umma yafikike na wote. Hata Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, tuliyokubali pamoja na dunia nzima, lengo la 11 linasema ifikapo 2030 kila mtu apate maeneo ya wazi yaliyo salama, hasa wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu. Mwaka 2030 huo uko hapo mlangoni jamani.

WENZETU WAMEFANYAJE

Tusiende Ulaya. Tuanzie Unguja. Bustani ya Forodhani ilikuwa imechakaa, ikafanyiwa ukarabati na mfuko wa Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009. Njia zikasakafiwa, taa zikawekwa, wauza urojo na miwa wakapewa sehemu yao badala ya kufukuzwa. Leo jioni pale kuna mtalii, kuna bibi na wajukuu, kuna vijana wa makachu wanaoruka baharini. Wote kwenye uwanja mmoja.

Mombasa nao waliikarabati Mama Ngina, ule ufuko wa kivukoni Likoni ambako watu wa pwani wamekuwa wakienda kula mihogo na madafu tangu zamani. Ilipofika Oktoba 2019 sherehe za Mashujaa zilifanyika hapohapo. Ni eneo la ekari 26, lenye njia pana na viti vya kutazama meli zikiingia.

Halafu kuna njia isiyohitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Kigali tangu 2016 wanafunga baadhi ya barabara asubuhi fulani za Jumapili, magari yanakaa pembeni na watu wanatembea. Bogotá kule Kolombia wamefanya hivyo tangu 1974, kila Jumapili, zaidi ya kilomita 100 za barabara. Kinachotakiwa ni kamba, polisi na uamuzi.

Na Dar yenyewe ina nafasi moja ambayo ikipotea haitarudi. Ni Bonde la Msimbazi, kule Jangwani. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu walikufa na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa bonde hilo, na katika mipango yake kuna bustani kubwa ya mji pale chini. Angalia ramani tena: bonde hilo linapita katikati ya Uswahilini, jirani na Magomeni na Kigogo. Kwa mara ya kwanza bustani kubwa ingewekwa karibu na watoto wasiokuwa nayo. Wasiwasi wangu ni huu: wakazi wanaohamishwa wakishaondoka, je, bustani itakuwa yao na watoto wao, au itawekewa geti na kiingilio? Hilo liulizwe leo, si siku ya kukata utepe.

MAONI YANGU

Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, sikusomea mipango miji, lakini nimesukuma kigari wiki tano. Naona hivi.

Moja, ifungwe Barabara ya Barack Obama kwa magari Jumapili moja kwa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Hospitali ziachiwe njia yake. Halafu kila halmashauri nyingine nne zichague barabara moja ya kwao, hasa Temeke na Ubungo, ili mama wa Mbagala asilazimike kulipa nauli kwenda kutafuta hewa Posta.

Mbili, kingo zote za barabara zinazotengenezwa upya ziwekewe mteremko kwenye kivuko. Kipimo kinachokubalika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa mita 1.8. Ni ndoo chache za zege, na zikiwekwa wakati wa ujenzi hata hazionekani kwenye bajeti.

Tatu, kila serikali ya mtaa ibandike ukutani orodha ya maeneo ya wazi yaliyo kwenye ramani yake, na ukubwa wake. Mwizi wa kiwanja anapenda giza. Wazazi wakijua kwamba pale penye gereji ndipo ulipochorwa uwanja wa watoto wao, mazungumzo yatabadilika.

Nne, mifuniko ya mitaro! Jamani, mifuniko ya mitaro.

NA SISI WA USINGE?

Mtasema hayo ya Dar yanatuhusu nini sisi tulio huku porini Kaliua. Yanatuhusu sana. Treni iliponishusha hapa nilitazama nikasema, sisi bado tuna kile ambacho Dar imekipoteza. Nafasi. Watoto wetu wanacheza karibu na stesheni, chini ya miembe, kwenye uwanja ambao hauna hati wala mwenyewe.

Hapo ndipo pa kuogopa. Wilaya yetu ya Kaliua imezaliwa 2012, mji unakua, watu wanakuja kwa tumbaku, mpunga na biashara. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Reli ile ya Mjerumani ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kila kituo kiliota mji pembeni yake. Hii mpya nayo itaotesha, na viwanja vitauzwa haraka kuliko karanga. Uwanja usio na hati ndio wa kwanza kuliwa.

Babu zetu waliopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kuja Tabora mpaka Ujiji hawakuwa na lami, wengine walikuwa na wake na watoto wao safarini. Lakini walijua njia inahitaji nini: kivuli, maji, na mahali pa kutua mzigo. Miembe unayoiona Tabora mpaka Ujiji ni kumbukumbu ya njia ile. Mtu alipanda mti akijua hatakula yeye, atakula anayepita.

Sisi tunaweza kufanya hivyohivyo. Mkutano wa kijiji ukae, eneo lipimwe, liandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kuwa ni la watoto, lipandwe miembe pembeni, basi. Haihitaji mfadhili. Inahitaji muhtasari wa kikao wenye sahihi za watu.

Dada anafikiria kumrudisha mtoto huku, japo mazoezi yake yako Dar. Aliniambia siku ya kuagana, "Kaka, huko angalau ataona miti." Nikakosa jibu. Mama asilazimike kuchagua kati ya matibabu ya mwanaye na mti wa kukaa chini yake.

Kigari kimerudi nyuma ya mlango, Temeke. Jumapili nisipokuwepo hakuna wa kukibeba zile mita 400.

Haya wadau, tuchangie. Wewe uliye Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, mtaani kwako kuna pa kumsukuma mtoto? Taja mahali, sema pakoje, saa ngapi panafaa. Na kama kuna mtu wa Temeke anayejua njia nzuri ambayo mimi sikuiona, aandike hapo chini, nitampelekea dada. Matusi sitaki, hoja nataka.

Nawasilisha.